Daftari la Mjukuu

(Maneno ya Mweka Hazina kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam. Yamechapishwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.)

 Ninyi watoto mliokuja kwa ajili ya pilau, tulieni kidogo, haliko mbali.

Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia nizungumze juu ya teknolojia na maendeleo. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kompyuta, mimi ni mhasibu, na mhasibu Mpare akipewa kipaza sauti watu hushika mifuko yao. Akasema basi zungumza unayoyaona kazini. Ndivyo nitakavyofanya. Nitawaeleza ninayoyaona Kariakoo, ambako nimeishi na kufanya kazi tangu nikiwa kijana, na mwisho nitaungama jambo moja ambalo wengi wenu mnalijua nusu.

Nilishuka basi mwaka 1998, nikiwa na umri wa miaka 19, sanduku moja la bati na gunia dogo la maharage kutoka kwa mama. Nilifikia kwa Baba Mdogo, Mtaa wa Mchikichi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Mwenye nyumba alikuwa Mzaramo. Chumba cha mbele alikaa mzee Mmanyema ambaye babu zake walitoka Kongo. Alikuwepo fundi cherehani Mhaya, alikuwepo kijana Mkinga aliyeuza betri na nyembe kwenye meza, na mama mmoja wa Kingazija aliyepika vitumbua. Na sisi Wapare, watu watano chumba kimoja.

Kariakoo ni mtaa wa wageni tangu jina lake. Jina hilo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, wapagazi waliwekwa kambi pale. Vita vikaisha, kambi ikawa mtaa, jina likabaki vinywani mwa watu hadi leo. Kwa hiyo mtu akikuambia Kariakoo ni yao, muulize babu yake alibeba mzigo gani.

Kuna kitu katika nyumba ile ambacho nilikiona kila siku na sikukijali. Wapangaji walikuwa na mchezo wa fedha. Kila jioni kila chumba kilitoa shilingi mia tano, na kila wiki chumba kimoja kilipokea. Mama wa vitumbua ndiye aliyekusanya, na aliandika kwa chaki kwenye mlango wa uani: chumba cha kwanza alama, cha pili alama, mpaka cha sita. Ukienda msalani unauona mlango. Ukienda kuoga unauona mlango. Aliyekuwa hajatoa alijulikana, na aliyetoa alijulikana. Hakuna aliyeona ametukanwa, maana hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake. Walikuwa wageni, na wageni wanaandikiana.

Nilikwenda Mlimani, nikasoma biashara, nikamaliza, nikahangaika na mitihani ya NBAA mpaka nikapata CPA. Kazi ya kwanza ilikuwa ofisi ya ghorofa ya pili karibu na Mtaa wa Msimbazi. Tuliandika vitabu kwa mkono na kuhamishia kwenye kompyuta moja ambayo bosi aliifunika kitambaa kama redio ya babu. Mwisho wa mwezi tulifunga hesabu, tukijumlisha kwa kikokotoo chenye karatasi ya kuviringika, na zikikataa kwa shilingi arobaini hatukwenda nyumbani mpaka shilingi arobaini zionekane. Wateja walikuja wenyewe, na bahasha, na mfuko wa rambo wenye risiti. Tulikaa, tukaulizana, tukanywa chai. Saa kumi na moja ofisi ilifungwa, na kazi ikabaki ofisini.

Leo wateja wangu wengi huniona mara mbili kwa mwaka. Risiti zinakuja kwa picha za WhatsApp, saa tano usiku, nyingine zimepigwa kwenye guta linalotembea. Ujumbe unasema "bosi hizo hapo", basi. Vijana ninaofanya nao kazi ni wepesi kuliko nilivyokuwa. Programu inajumlisha yenyewe, inagawa yenyewe, inatoa ripoti yenye rangi. Lakini nikimuuliza kijana kwa nini namba hii imekuwa kubwa hivi, ananiambia, "Mfumo ndio umeleta." Siku zetu huwezi kusema daftari ndilo limeleta. Wewe ndiye uliyeandika.

Kuna jambo jingine la kazi ambalo wenye maduka humu mnalijua. Mashine za EFD zilianza mwaka 2010, na zimesaidia mengi. Ila karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto. Iweke kwenye dashibodi ya gari au kwenye droo karibu na dirisha, baada ya muda inakuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani. Na sheria inakutaka utunze kumbukumbu za kodi miaka mitano. Nimewahi kukabidhiwa boksi zima la karatasi nyeupe na mteja anayeapa kwamba zile ni risiti za milioni nyingi. Ninamwamini, lakini siwezi kuziandika. Tafadhalini, mkipewa risiti toeni kopi siku hiyo hiyo, au pigeni picha na kuziweka mahali panapojulikana. Hayo nimeyasema bure, kwingine ningewatoza.

Ile nyumba ya Kiswahili haipo tena. Mzaramo alifariki, watoto wakauza, na pale pamesimama ghorofa lenye fremu kuanzia chini. Mlango wa uani ulikwenda na kifusi. Fremu ya kona, pale palipokuwa chumba chetu kwa kukadiria kwangu, ilipangwa na mama mmoja Mchina aliyeuza mabegi ya shule na ya safari kwa jumla. Alikuwa mteja wangu kwa miaka tisa.

Alipofika, Kiswahili chake kilikuwa namba tu. Alishika kikokotoo, akaandika bei, akakugeuzia. Wewe ukafuta, ukaandika yako, ukamgeuzia. Wateja wake walitoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura, Moroni, na wote walizungumza lugha hiyo ya kikokotoo. Vijana mawinga walimletea wateja na kuchukua chao. Baada ya mwaka wa tatu alikuwa anagombana na wapakiaji kwa Kiswahili cha Kariakoo, na akinipigia simu ananiita "rafiki mhasibu".

Mama yule alikuwa na simu mbili za bei kubwa na kamera nne dukani. Lakini kila jioni, kabla ya kushusha geti, alitoa daftari la kurasa mia moja, lile la wanafunzi, akaandika. Aliyelipa, aliyekopa, winga aliyepewa, chai ya walinzi. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na daftari wakati malipo yote yanaingia kwenye simu. Akaniambia, "Simu inajua pesa. Mtu, haijui." Nilicheka. Niliona ni Kiswahili kibovu.

Mnajua kwamba Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, na ununuzi wa mazao shambani. Sikuja kuijadili amri hiyo. Humu ndani wamo walioishangilia, na wamo wenye vijana waliokuwa wauzaji kwenye maduka yale wakabaki bila kazi. Ninachotaka kusema ni namna mama yule alivyoondoka. Leseni yake ilipofikia mwisho alikuja ofisini na madaftari tisa kwenye mfuko wa nailoni, moja kwa kila mwaka. Alitaka nikague jambo moja: kama kuna mtu yeyote Kariakoo anamdai. Tulikaa siku mbili. Tulimpata mpakiaji mmoja aliyekuwa anadai shilingi elfu nane, tangu mvua za masika. Akamtafuta, akamlipa, akarudi kuniambia nikate jina. Ndipo akafunga duka.

Nilikaa na madaftari yale mezani nikaona haya. Na hapa ndipo ninapofika kwenye kuungama.

Mwaka 2018 mlinichagua mweka hazina kwa mara ya kwanza. Mlisema tumempata msomi, sasa mambo yatanyooka. Mchango ulikuwa wa kukarabati ndiva. Kwa watoto mliozaliwa hapa Dar: ndiva ni bwawa walilojenga wazee wetu mlimani. Usiku maji ya kijito yanakusanyika humo, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Bila ndiva kijito ni kidogo, kila mmoja anapata tope. Likiwepo, hata wa mwisho mferejini anapata. Ukarabati ni msaragambo, watu wote hutoka na majembe. Lakini saruji na mabomba hayatoki kwa jembe, ndiyo maana ya mchango.

Nilitoa namba yangu ya simu. Binafsi. Michango ikawa inaingia, na usiku ninaiandika kwenye Excel katika kompyuta ndogo ya kubeba. Fedha niliziweka benki kila mwisho wa wiki, na kuhusu fedha dhamiri yangu ni safi, hata senti haikupotea. Kilichopotea ni majina. Machi 2019 begi langu liliibwa kwenye daladala, na kompyuta ndani yake. Nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya Septemba. Ujumbe wa simu nilikuwa nimeufuta, kwa sababu simu ilijaa. Mimi, ninayewatoza watu fedha kwa kuwafundisha kutunza kumbukumbu.

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp: aliyechanga tangu Oktoba ajitaje. Walio kwenye kundi wakajitaja. Kisha nikaomba taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu, nikaipata, nikalinganisha, nikaona mambo yanaelekea kukaa sawa. Nikaandaa orodha, nikaituma nyumbani. Ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji, na baada ya kusomwa waliochanga, mtu mmoja kwa nia njema akasema basi wasiotajwa ndio hawajachanga.

Kulikuwa na mama mmoja pale, mjane. Sitamtaja jina, kwa sababu sikumwomba ruhusa. Alikuwa amechanga shilingi elfu thelathini, fedha ya tangawizi yake. Hakutajwa. Watu wakamtazama. Hakusema neno, akachukua kanga yake, akaondoka. Nilisimuliwa jioni ile kwa simu. Ningeweza kupanda basi kesho yake. Nilituma ujumbe wa samahani kupitia kwa mtu mwingine, nikaendelea na kazi zangu za kufunga mahesabu ya wateja. Ilinichukua miezi tisa kufika nyumbani, yaani mpaka Desemba, wakati tunakwenda wote.

Nilifika kwake asubuhi. Alinikaribisha kama hakuna kilichotokea, akaniwekea makande. Nilipomaliza kula akamwita mjukuu wake, aliyekuwa darasa la tano, akamwambia alete daftari la hesabu. Kati ya hesabu za kugawanya, kwa penseli, palikuwa na mstari mmoja: tarehe 14 Novemba, 30,000, jina langu, jina la jirani, na namba ya muamala, tarakimu zote. Akasema, "Simu ilikuwa ya jirani. Nikamwambia mtoto aandike, maana sisi wengine hatuna mahali pengine."

Niliitoa ile taarifa ya simu kwenye begi. Muamala ulikuwepo, namba ile ile. Jina lililoandikwa lilikuwa la jirani, naye nilishampa alama ya kuchanga mara mbili, nikamsifu kwa ukarimu. Wengine walikuwa hivyo hivyo. Waliotuma kwa wakala walisomeka kwa jina la wakala. Waliotumiwa na watoto wao walisomeka kwa majina ya watoto. Taarifa ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa na uongo ndani yake.

Mama akaniuliza swali ambalo sijalisahau. "Mwanangu, fedha nilikupa. Jina langu umeliweka wapi?"

Ndugu zangu, nimekaguliwa na wakaguzi wa kila aina. Sijapata kuulizwa swali gumu kama lile.

Nimelifikiria swali lile miaka yote hii, na mama yule Mchina alipokuja na madaftari yake tisa nililielewa vizuri zaidi. Wageni wanaandikiana kwa sababu hawana kingine cha kuwashika pamoja. Sisi ndugu tunaona kuandikiana ni kudharauliana. "Kwani huniamini?" Tunatumiana fedha kwa kidole, tunajibiwa "imefika, ubarikiwe", tunaona kazi imekwisha. Zamani bahasha ilipokwenda kwa kondakta wa basi hadi Same, na kutoka Same ikapanda mlima kwa mtu mwingine, tuliogopa njia, kwa hiyo tuliandika barua ya kueleza: kiasi hiki, kutoka kwa fulani, kwa kazi fulani. Simu imeondoa hatari ya njia. Na sisi tukaondoa barua.

Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Kitabu chake cha wakulima bado kipo nyumbani juu ya kabati. Nilikifungua Desemba ile ile. Wino wa bluu, jina la mkulima, kilo, malipo, na sahihi au dole gumba. Wengi wao tumekwisha wazika. Kilo zao zinasomeka.

Basi, nilirudi kijijini nikasimama kwenye mkutano, nikasoma orodha upya, majina ya kweli, nikaeleza kosa lilikuwa la nani. Mama alikuwepo, amekaa nyuma. Nilipomtaja aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi anayeitikia mahudhurio. Nilitaka kujiuzulu, mkakataa. Mzee mmoja alisema, aliyeanguka shimoni ndiye anayejua lilipo. Ndiyo maana mpaka leo niko hapa nawasumbua.

Yale tuliyobadilisha mengi mnayajua, lakini nayarudia kwa ajili ya wageni wetu. Michango sasa inaingia kwenye Lipa Namba ya chama, sio kwa mtu. Benki kuna sahihi tatu, na mimi peke yangu siwezi kutoa hata mia. Kila kijiji kina mwandishi mwenye kitabu cha stakabadhi chenye kaboni: yako unaondoka nayo, kopi inabaki. Orodha inatunzwa sehemu tatu, na moja kati ya hizo ni daftari la mkono. Na kabla orodha haijachapishwa kwenye kijarida hiki, inabandikwa mwezi mzima kwenye ofisi ya kijiji, kanisani na msikitini, ili mtu ajitafute na aseme mapema. Imetuongezea kazi. Vijana wa kompyuta wanalalamika kwamba tunaandika kitu kimoja mara mbili. Wanasema kweli.

Sasa ombi. Lile ndiva mnalijua lilivyo. Ukuta tuliouziba mwaka 2020 umeshikilia, lakini upande wa chini unavuja na lango la kufungulia maji limeliwa na kutu. Maji yanayokusanyika usiku, mengi yanakuwa yameshaondoka kabla ya alfajiri, na mashamba ya mwisho wa mfereji hayapati zamu. Msaragambo umeshapangwa, watu wa nyumbani watatoa mikono. Makadirio ya vifaa yako ukurasa wa mwisho. Yasomeni. Mkiona bei ya saruji imezidi ya dukani kwenu, niambieni leo, msiniseme kesho.

Na mtakapochanga, nawaomba kitu kimoja kidogo. Ukituma kwa simu ya mtu mwingine, ukamtuma mtoto, ukapitia kwa wakala, ukaunganisha fedha yako na ya dada yako, tuambie fedha ni ya nani. Fomu ina mistari miwili: jina la mwenye laini, na jina la mchangaji. Mstari wa pili ndio tunaouhitaji zaidi. Elfu tano iandikwe kwa jina la aliyeitoa. Laki tano vilevile.

Kitabu kipya cha mchango wa mwaka huu nimekuja nacho, kiko hapa mezani. Jina la kwanza limeshaandikwa. Lilifika wiki mbili zilizopita kutoka nyumbani, shilingi elfu arobaini, kwa simu ya mjukuu. Amemaliza kidato cha nne na ana simu yake sasa. Baada ya fedha ukaja ujumbe: "Bibi anasema uandike jina lake, sio langu. Na anauliza kama umeandika."

Nimeandika. Mstari wa pili uko wazi, kalamu ipo. Karibuni mezani, halafu pilau.